Alipigwa teke jichoni, sasa anaona vimulimuli: je, Bisping hakuwa bingwa kwa jicho moja?

*Swali: Daktari, mdogo wangu ana miaka 23 na anafanya mazoezi ya MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka) hapa Mombasa. Wiki tatu zilizopita alipigwa teke kwenye jicho la kulia wakati wa sparingi, yaani pambano la mazoezi. Jicho lilivimba na kuwa jekundu, akanunua dawa ya matone kwenye duka la dawa, na wekundu ukaisha baada ya siku nne. Sasa anasema anaona nukta nyeusi na nyuzi zinazoelea, na akiwa gizani akigeuza jicho anaona mwanga kama wa radi pembeni. Hana maumivu hata kidogo, na kusoma anasoma vizuri. Amevaa miwani ya -5 tangu sekondari. Nikimwambia aende hospitali ananijibu kwamba Michael Bisping alikuwa bingwa wa UFC, yale mashindano makubwa ya MMA ya dunia, kwa jicho moja, na kwamba ana pambano baada ya wiki sita, hataki kuzuiwa. Mama naye anasema jicho likishapoa limepoa. Nifanye nini? Na hiyo habari ya Bisping ni kweli?*

Dada, la haraka kwanza. Mdogo wako aonwe na daktari wa macho leo au kesho. Pambano na mazoezi ya jioni visubiri. Mtu aliyepigwa jichoni, anayevaa miwani ya -5, kisha akaanza kuona vimulimuli na vitu vinavyoelea, tunamchukulia kuwa ana mpasuko kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo. Na kama ukimuuliza vizuri atakwambia kuna kivuli au pazia upande mmoja wa jicho, hata dogo, basi msingoje kesho. Nendeni leo, hata kama ni usiku.

Sasa tuje kwa Bisping, kwa sababu naona ndiye anayemzuia mdogo wako kuliko kitu kingine chochote. Habari hiyo ni kweli, ila ameichukua nusu.

Bisping ni Muingereza aliyekulia Clitheroe, mji mdogo wa Lancashire. Aliingia UFC mwaka 2006 kwa kushinda shindano lao la televisheni la kutafuta wapiganaji wapya, na kwa miaka mingi alikuwa karibu na mkanda wa uzani wa kati bila kuufikia. Tarehe 19 Januari 2013, mjini São Paulo, Vitor Belfort alimpiga teke la kichwa katika raundi ya pili na pambano likasimamishwa. Bisping mwenyewe amesema kwamba hapo ndipo jicho lake la kulia lilipoharibika. Mwambie mdogo wako aangalie tarehe zinazofuata. Tarehe 27 Aprili mwaka huohuo Bisping aliingia tena kizimbani, Newark, kupigana na Alan Belcher. Oktoba alitakiwa kupigana na Mark Muñoz mjini Manchester, mbele ya watu wake, akajitoa kwa sababu retina ilikuwa imebanduka. Kutoka teke la Belfort mpaka pambano hilo la Oktoba ni miezi tisa, na katikati yake kuna pambano zima na kambi za mazoezi zenye ngumi za kichwa kila wiki.

Huyo Belcher naye ni wa kukumbukwa hapa. Mwaka 2010 retina ya jicho lake la kulia ilibanduka, akafanyiwa upasuaji, akarudi kupigana mwaka 2011. Pambano lake na Bisping lilisimamishwa mwishoni mwa raundi ya tatu kwa sababu kidole cha Bisping kilimwingia jichoni kwa bahati mbaya. Hakupigana tena UFC. Kwa hiyo usiku ule kizimbani walikuwa wawili ambao macho yao yalikuwa na kesi, na kila mmoja alikuwa amejiambia kwamba anaweza.

Bisping alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, lakini jicho halikurudi. Amesema hadharani kwamba aliendelea kupigana kwa kukwepa na kudanganya vipimo vya macho, na leo anavaa jicho la bandia juu ya lile lililoharibika. Tarehe 4 Juni 2016, Inglewood, California, aliitwa kuziba nafasi ya Chris Weidman kwa notisi ya siku 17, akamwangusha Luke Rockhold, bingwa wa wakati huo, raundi ya kwanza kwa ngumi ya kushoto, akawa Muingereza wa kwanza kutwaa mkanda wa UFC. Ushindi ule ni wake na hakuna wa kumnyang'anya. Ni kazi ya mtu mwenye moyo mkubwa na ufundi wa miaka mingi.

Lakini jicho la kulia likifa, mtu hupoteza vitu viwili. Cha kwanza ni uwezo wa kupima umbali wa karibu, ule unaotokana na macho mawili kutazama kitu kimoja kutoka pembe mbili. Cha pili ni sehemu ya upande wa kulia wa anachokiona, ambayo pua inalizuia jicho la kushoto kuifikia. Wapiganaji wanaosimama kwa mkono wa kushoto hurusha silaha zao nzito kutoka upande huohuo. Rockhold ni mmoja wao: Novemba 2014, Sydney, alimwangusha Bisping kwa teke la kichwa la mguu wa kushoto kabla ya kumkaba. Kelvin Gastelum ni mwingine: tarehe 25 Novemba 2017, Shanghai, alimmaliza raundi ya kwanza kwa ngumi ya kushoto. Na hilo lilikuwa siku 21 tu baada ya Bisping kupoteza mkanda kwa Georges St-Pierre pale New York. Siwezi kukwambia kwamba jicho peke yake ndilo lililomwangusha mara zote mbili, maana hata wenye macho mawili hupigwa. Ila mpiganaji yeyote anajua maana ya kutoona kinachokuja upande mmoja.

Na mwisho wa safari yake ndio sehemu ambayo mdogo wako hajaisikia. Baada ya Shanghai, Bisping alianza kuona mwanga ukimulika kwenye jicho la kushoto, lile zima. Dalili hiyohiyo aliyonayo mdogo wako. Alikwenda kwa daktari, akaambiwa kwamba ute wa ndani ya jicho umeanza kuachana na retina. Mei 2018 akatangaza kustaafu. Ukitafuta katika maisha yake yote ya ngumi jambo moja la kumwiga, liwe hilo la kwenda kupimwa.

Sasa nieleze kinachotokea ndani, kwa sababu kijana akielewa sababu huwa mwepesi kuliko akiamrishwa.

Jicho limejaa ute mzito unaoitwa vitrea. Nyuma yake, ukiwa umetandazwa kwenye ukuta wa ndani, kuna utando mwembamba sana, retina, unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Ute huo umeshikana na retina, na umeshikana kwa nguvu zaidi sehemu ya mbele, karibu na pembezoni. Teke au ngumi ikilikandamiza jicho kutoka mbele, jicho hubonyea kwa sekunde ndogo sana na kutanuka kwa upana. Ute unavutika, nao unaivuta retina pale uliposhikana nayo. Mara nyingi retina huhimili. Wakati mwingine hupasuka, au hung'oka kwenye ukingo wake wa mbele.

Mpasuko peke yake haumfanyi mtu asione. Shida inaanza pale maji ya ndani ya jicho yanapopenya kwenye mpasuko na kuingia nyuma ya retina. Retina inaanza kubanduka, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta wenye unyevu, kutoka pembeni kuelekea katikati. Sehemu iliyobanduka imetengana na tabaka la nyuma linaloilisha, na seli zake zinaanza kufa. Katikati kabisa ya retina kuna sehemu ndogo inayoitwa makula. Hiyo ndiyo tunayosomea, tunayotambulia sura za watu, na ndiyo mpiganaji anayotazamia mabega ya mpinzani wake. Makula ikishabanduka, hata upasuaji ukienda vizuri, mara nyingi uwezo wa kuona haurudi wote.

Hapo ndipo unaona kwa nini "anasoma vizuri" si hoja. Kusoma kunapima makula tu. Retina inaweza kuwa imebanduka robo nzima huku mtu anasoma ujumbe kwenye simu bila taabu.

Kutokuwa na maumivu nako hakusemi chochote. Retina haina mishipa ya maumivu. Inapopasuka, lugha yake pekee ni mwanga: ikivutwa, ubongo unapokea vimulimuli, hasa gizani na hasa jicho linapogeuka, vilevile alivyokueleza. Nukta na nyuzi zinazoelea zinaweza kuwa vipande vya ute, au damu kidogo kutoka kwenye mshipa uliokatika wakati retina inapasuka. Zikija ghafla na kwa wingi, kama masizi yaliyomwagika, mara nyingi ni damu.

Kuhusu mama, heshima zake zote, alichokiona kikipoa ni nje ya jicho. Wekundu na uvimbe viko kwenye ngozi na utando wa juu, na huisha vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili, dawa iwepo isiwepo. Retina iko nyuma na haionekani kwa kumtazama mtu usoni. Kwa kijana mambo haya huenda polepole kuliko kwa mzee, kwa sababu ute wa kijana bado ni mzito na unaziba mpasuko kwa muda. Ndiyo maana retina ya kijana aliyepigwa inaweza kubanduka wiki au miezi baada ya kipigo. Wiki tatu zilizopita salama hazimaanishi kwamba hatari imepita.

Na ile -5. Jicho la mtu asiyeona mbali huwa refu kuliko la kawaida, na retina yake imevutika na kuwa nyembamba pembezoni, wakati mwingine ikiwa na mabaka dhaifu tangu utotoni. Mtu kama huyo anaweza kubandukwa na retina hata bila kupigwa. Akipigwa, hatari inajumlishwa. Hili kila mpiganaji mwenye miwani angepaswa kulijua siku ya kwanza anapojiandikisha kwenye jimu, na ni huzuni kwamba karibu hakuna anayeambiwa.

Zile dawa za matone, soma kichupa chake. Nyingi zinazouzwa dukani kwa "jicho jekundu" zina mchanganyiko wa antibiotiki na steroidi, mara nyingi deksamethasoni. Steroidi inaondoa wekundu kweli, lakini haigusi retina, na kwa baadhi ya watu inapandisha presha ya jicho kimyakimya. Aache kuitumia mpaka apimwe, na kichupa aende nacho. Asiweke maji ya chumvi, asali, maziwa ya mama wala kitu kingine chochote. Wala asilikande jicho kwa kitambaa cha moto.

Kabla ya kutoka nyumbani unaweza kumfanyia kipimo kimoja kidogo. Akae mbele yako kwa umbali wa mkono, afunike jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, atazame pua yako kwa jicho la kulia. Mwoneshe vidole viwili juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia, akuambie ni vingapi bila kuhamisha jicho. Kisha atazame fremu ya mlango aseme kama mistari imenyooka au imepinda. Rudia kwa jicho la pili. Akikosa vidole upande wowote, au mistari ikipinda, safari ni saa hiyohiyo. Akipata vyote, safari bado ipo palepale. Kipimo hiki kinaweza kuonyesha hatari, lakini hakiwezi kuiondoa.

Wapi pa kwenda? Duka la miwani halitoshi. Mashine yao inapima namba ya miwani, na picha zinazopigwa katikati ya retina hazifiki pembezoni ambako mpasuko hukaa. Hapo Pwani mna vituo vya macho kama Lighthouse for Christ mjini Mombasa na kile cha Kwale. Anzeni na kilicho karibu. Mkihitaji upasuaji wa retina mnaweza kupelekwa Nairobi au karibu yake, kwenye hospitali kama ya Kikuyu, Lions SightFirst au Kenyatta. Wasomaji wa Tanzania, kwenu ni Muhimbili, CCBRT au KCMC Moshi. Pigeni simu kwanza na muulize swali moja: leo kuna daktari bingwa wa retina? Msaada wa kwanza unaweza kutolewa na daktari yeyote wa macho, ila bingwa wa retina ndiye anayeshona.

Mapokezini msiseme "jicho linamsumbua", mtawekwa kwenye foleni ya miwani. Semeni hivi: alipigwa teke jichoni wiki tatu zilizopita, anaona vimulimuli na vitu vinavyoelea, ana miwani ya -5, tunaomba apanuliwe mboni na retina iangaliwe mpaka pembezoni, macho yote mawili. Atawekewa matone ya kupanua mboni, atasubiri dakika 20 hadi 30, kisha daktari atamwangalia akiwa amevaa taa kichwani na ameshika lenzi, huku akiubonyeza kidogo ukuta wa jicho kwa nje ili pembezoni pajitokeze. Kubonyezwa huko hakupendezi, lakini ni kwa dakika chache na ndiko kunakoonyesha mipasuko iliyojificha. Kama ndani kuna damu nyingi, watatumia ultrasaundi. Ataona ukungu kwa saa nne hadi sita, kwa hiyo asiendeshe pikipiki kurudi.

Kama daktari atatazama mwanga wa tochi tu na kusema yuko sawa bila kupanua mboni, mshukuruni kwa adabu na mtafute mwingine siku hiyohiyo.

Watakapokuwa wanaangalia watapima pia mambo mengine ambayo teke huacha: damu mbele ya mboni, lenzi iliyohama au kuanza kuwa na mtoto wa jicho, mfupa wa chini ya jicho uliovunjika (dalili zake ni kuona vitu viwiliviwili na shavu kufa ganzi, na mwenye hilo asipenge kamasi kwa nguvu), na pembe ya kutolea maji ya jicho iliyoumia. Hii ya mwisho ni ya hila, inaweza kuleta glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, miaka mingi baadaye. Hivyo hata akikutwa mzima, apimwe presha ya jicho kila mwaka.

Matokeo yanaweza kuwa ya namna tatu.

Huenda wakakuta ute umevutika tu na retina haijapasuka. Basi hakuna tiba zaidi ya kusubiri, na arudi kuangaliwa baada ya wiki nne hadi sita, au mara moja dalili zikiongezeka. Katika kipindi hicho asipigwe kichwani.

Huenda wakakuta mpasuko, lakini retina haijabanduka. Hii ndiyo nafasi nzuri kabisa ya kumkuta, na ndiyo ninayomtakia. Tiba ni leza: mtu anakaa kwenye kiti, jicho linawekewa ganzi ya matone, daktari anazungushia mpasuko safu kadhaa za alama ndogo za kuunguza ili retina ishikane na ukuta. Ni kazi ya dakika chache na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Pakiwa mahali leza haifiki, hutumika baridi kali kutoka nje ya jicho. Lakini kuunguza si kushikana papo hapo. Kovu linachukua siku 10 hadi 14 kukomaa, na mtu akirudi kwenye sparingi wiki ileile kwa sababu "jicho haliumi", anavuta mshono ambao haujashika.

Au retina iwe imeshaanza kubanduka. Hapo ni upasuaji, na kasi inategemea makula. Ikiwa makula bado imeshika, tunataka kuiwahi ndani ya siku moja au mbili. Ikiwa imebanduka, ndani ya wiki hivi. Kwa kijana aliyepigwa, ambaye retina imeng'oka kwenye ukingo, njia ya zamani ya kushonea mkanda wa silikoni nje ya jicho mara nyingi ndiyo bora, kwa sababu haigusi ute wa ndani. Njia nyingine ni vitrektomi: kuondoa ute, kuinyoosha retina, na kuishikilia kwa gesi au mafuta ya silikoni wakati leza inakomaa. Vitrektomi inafika pale ambapo mkanda haufiki, lakini inaharakisha mtoto wa jicho. Mafuta ya silikoni hutolewa kwa upasuaji wa pili, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hadi sita. Gesi huisha yenyewe, wiki mbili hivi au hadi wiki nane kutegemea aina.

Hapa nisisitize jambo linalowahusu ninyi wa Pwani. Mtu mwenye gesi jichoni hapandi ndege, hata ya dakika arobaini. Juu hewa ni nyepesi, gesi inatanuka, presha ya jicho inapanda na mshipa wa damu wa retina unaweza kufungwa. Watu wanasahau kwamba kupanda mlima ni vilevile. Mombasa iko usawa wa bahari na Nairobi iko mita karibu 1,700 juu. Akifanyiwa upasuaji wa gesi Mombasa, asipande treni wala basi kwenda Nairobi mpaka daktari aone kiputo kimekwisha. Akifanyiwa Nairobi na anataka kushuka Mombasa, gesi itasinyaa, na huenda ikashindwa kushikilia retina, kwa hiyo amuulize daktari wake kabla ya kukata tiketi. Akihitaji ganzi ya hospitali kwa jambo lolote, hata la jino, aseme ana gesi jichoni. Na ataelekezwa namna ya kulaza kichwa, pengine kifudifudi kwa siku kadhaa. Hilo linachosha mno, na familia isipomsaidia hataliweza.

Upasuaji wa kwanza huishikisha retina kwa takriban watu 8 au 9 kati ya 10. Kinachoharibu zaidi kwa waliobaki ni makovu yanayoota juu ya retina na kuivuta tena, na makovu hayo huwapata zaidi waliochelewa. Sina sababu ya kumtisha, lakini uhasibu wa wiki zake sita aufanye kwa hesabu hizi: mpasuko wa leo unagharimu kambi moja ya mazoezi. Retina iliyobanduka mwezi ujao inagharimu miezi, pengine na jicho.

Je, atapigana tena? Wapo waliorudi. Bondia Sugar Ray Leonard alifanyiwa upasuaji wa retina mwaka 1982, akastaafu, akarudi, na mwaka 1987 akamshinda Marvin Hagler. Belcher nimeshamtaja. Kwa hiyo sitakwambia kwamba haiwezekani. Ushauri wangu uko hivi: baada ya leza ya mpasuko mdogo, asiguswe kichwa kwa muda usiopungua wiki sita, apanuliwe mboni tena, na aliyempiga leza ndiye aamue. Baada ya retina kubanduka na kushonwa, ningemwomba aache mchezo wowote wa kupigwa kichwani, hasa akiwa na -5, kwa sababu jicho la pili lina udhaifu uleule na ndilo atakalolitegemea. Wapo mabingwa wenzangu wanaoruhusu baada ya miezi kadhaa, na ana haki ya kuwasikiliza. Wote tutakubaliana kwamba asipigane akiwa na jicho ambalo halijapimwa.

Kwa sasa, kabla ya kupimwa: hakuna sparingi, hakuna mieleka, hakuna kukabwa shingo, hakuna kunyanyua vyuma vizito kwa kubana pumzi, hakuna kuruka kamba. Kofia ya sparingi haimsaidii, inakinga paji na masikio huku jicho likibaki wazi. Glovu za MMA za aunsi nne zinaacha vidole nje, na hata mieleka bila ngumi ina viwiko na vidole. Anaweza kutembea, kunyoosha viungo, na kukaa pembeni akimtazama mwalimu. Wapiganaji wengi wenye miwani huulizia upasuaji wa leza wa kuondoa miwani. Huo unabadilisha konea tu, kile kioo cha mbele ya jicho, retina inabaki nyembamba vilevile, na ile aina inayokata kifuniko kwenye konea haifai kwa mtu anayepigwa usoni.

Fomu ya afya ya pambano kama inadai vipimo vya damu na presha tu, ajue haijagusa macho. Mwandaaji akiambiwa mapema kwa karatasi ya daktari, ana wiki sita za kutafuta mbadala, na hakuna anayemchukia mpiganaji wa namna hiyo. Mwalimu wake naye aambiwe leo, na ukiweza umwambie wewe. Vijana wengi hawamwogopi daktari, wanaogopa kuonekana wanaukimbia mpambano, na neno la mwalimu kwamba "kapime kwanza, nafasi yako ipo" linafanya kazi kuliko maneno yangu na yako.

Mfuate leo, dada, na uende naye mwenyewe. Abebe miwani yake ya zamani na ya sasa, kichupa cha matone, na orodha ya dawa anazomeza. Kama ameanza kuona pazia, asile kitu kizito njiani, kwa sababu huenda akapasuliwa siku hiyohiyo. Na wakishamaliza na jicho la kulia, hakikisheni hawaachi la kushoto.